Je, Codd alisahau kasi? Kwa programa wa SACCOS anayeshauriwa arundike data kwenye jedwali moja

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni programa katika SACCOS moja mkoani Morogoro. Tuna wanachama 8,000 na jedwali la miamala lenye mistari kama milioni 3, yote kwenye PostgreSQL, programu ya kutunza kanzidata. Taarifa za mwisho wa mwezi za wanachama wote huchukua karibu saa nzima kutoka, na siku za mishahara mfumo huganda mchana, watu wamejaa madirishani. Mkuu wangu wa kitengo cha TEHAMA anasema chanzo ni normalaizesheni niliyofundishwa chuoni, yaani kugawa data ili kila jambo liandikwe mahali pamoja tu: majedwali mengi mno. Anataka jina, simu na tawi la mwanachama viingie kwenye kila mstari wa jedwali la miamala. Anasema Codd na wenzake walikuwa wanahisabati tu, kasi ya mashine haikuwahusu. Ni kweli? Na nifanye nini?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Mkuu wako usimbeze, ana nusu ya haki. Edgar Codd, aliyebuni kanzidata ya mahusiano tunayotumia leo, alikuwa mwanahisabati kweli, na makala yake maarufu ya 1970 haina hata kipimo kimoja cha kasi. Ila kwa hao "wenzake" ndipo alipokosea. Walisutwa kwa jambo hilohilo analolisema mkuu wako, wakakaa miaka mingi maabara kulijibu, na jibu lao ndilo linaloendesha PostgreSQL yenu mpaka leo.

Ninachokishuku nikiseme mapema. Taarifa zenu hazicheleweshwi na wingi wa majedwali. Zinacheleweshwa na programu inayotembea mstari kwa mstari, kana kwamba Codd hajazaliwa. Na kule kuganda kwa mchana ni ugonjwa mwingine kabisa, usiutibu kwa dawa ya ripoti.

Turudi 1968. IBM, ikishirikiana na North American Rockwell na Caterpillar, ilikuwa imetengeneza mfumo unaoitwa IMS kwa ajili ya safari za Apollo. Roketi ya kwenda mwezini ina vipuri lukuki, na kipuri kimo ndani ya kipuri, kwa hiyo data ilipangwa kama ukoo: mzazi, mtoto, mjukuu. Ukitaka kujua injini ina vipuri gani, unashuka kutoka kwa mzazi, chapuchapu. Ukitaka kujua parafujo fulani imetumika wapi kote, hapo jasho linakutoka, maana ukoo haukupangwa kwa swali hilo.

Kabla ya hapo, Charles Bachman wa General Electric alikuwa ametengeneza IDS, ambamo rekodi zimefungamana kama wavu. Kila rekodi inabeba anwani ya rekodi inayofuata, na programa anaruka kutoka moja kwenda nyingine. Mwaka 1973 Bachman alipewa Tuzo ya Turing, tuzo kubwa kabisa ya fani ya kompyuta, na katika hotuba yake akamfananisha programa na mwongoza chombo baharini. Kwa Kiswahili cha zamani cha pwani tungemwita rubani, na simaanishi wa ndege: ni yule anayepanda chomboni kwa sababu anajua miamba iko wapi na mlango wa bandari uko upande gani.

Hiyo mifumo ilikuwa na kasi, tena kasi ya kweli. Rubani anayeijua njia hafiki kwa kubahatisha. Taabu inaanza siku unapohamisha miamba. Codd, Mwingereza aliyewahi kurusha ndege za jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili na baadaye akawa mtafiti wa IBM pale San Jose, California, aliorodhesha mambo matatu ambayo yakibadilika, programu za watu zinavunjika: mpangilio wa rekodi kwenye diski, indeksi zilizopo (orodha za kutafutia, kama faharasa ya kitabu), na njia ya kuifikia data. Hoja yake ilikuwa kwamba mtumiaji asilazimike kuyajua hayo matatu. Aseme anataka nini. Namna ya kukipata ni kazi ya mashine.

Hapa niweke sawa jambo moja linalowachanganya wanafunzi wengi. Tunaposema kanzidata ya mahusiano, watu hudhani "mahusiano" ni ile mistari tunayochora kati ya jedwali na jedwali. Siyo. Codd alilichukua neno hilo kwenye hisabati ya seti, na uhusiano kwake ni jedwali lenyewe: mkusanyo wa mistari ambamo namba ya uanachama, jina na tarehe ya kujiunga vinahusiana kwa kuwa vimo pamoja katika mstari mmoja. Ningekuwa na uwezo ningelibadilisha jina hilo, lakini nimechelewa miaka hamsini.

Sasa watu wa IMS na IDS walimjibu nini? Walimjibu kama mkuu wako. Mwaka 1974, pale Ann Arbor katika jimbo la Michigan, uliandaliwa mdahalo, kambi ya Codd upande huu na kambi ya Bachman upande ule. Hoja nzito ya wapinzani ilikuwa ya kasi: rubani mzoefu ataishinda mashine siku zote, na kuunganisha majedwali kila swali linapoulizwa ni anasa ambayo kompyuta za wakati ule zisingeimudu. Codd hakuwa na cha kuwaonyesha. Alikuwa na karatasi.

Cha kuonyesha kilitoka kwenye miradi miwili. Mmoja ulikuwa Ingres, wa Michael Stonebraker na Eugene Wong katika chuo kikuu cha Berkeley. PostgreSQL ni mjukuu wa mradi huo, ndiyo maana jina lake lina "gres" ndani. Wa pili ulikuwa System R, wa IBM hapohapo San Jose, na huu ndio nitakaoung'ang'ania, kwa sababu timu yake ilifanya jambo ambalo watafiti hawalipendi: ilichapisha makosa yake.

Toleo la kwanza la System R walilitupa. Kile kipande kinachochagua njia, ambacho tunakiita optimaiza, kilikuwa kimeambiwa kipunguze idadi ya mistari inayoletwa kutoka kwenye kanzidata. Inaonekana busara, sivyo? Lakini walipopima wakakuta gharama haiko katika kuileta mistari, iko katika kuitafuta. Mashine ilikuwa inahangaika na indeksi na orodha za anwani ili ifikie mistari michache, na hesabu yao haikuuona uhangaikaji huo. Wakabadilisha kipimo kikawa mara ngapi diski inasomwa. Wakapima tena, wakakuta kwa maswali mengi kinachochoka ni prosesa, diski inasubiri tu. Mwishowe wakakubali kuvipima vyote viwili pamoja.

Patricia Selinger na wenzake wanne waliiandika hesabu hiyo mwaka 1979, na ni fupi kiasi cha kuandikwa kiganjani: gharama ni idadi ya kurasa zinazosomwa (ukurasa ni kipande cha data kinachosomwa kwa mkupuo mmoja), jumlisha idadi ya mistari inayoombwa ikizidishwa kwa uzito W. Hapo W ni namba inayosema kazi ya prosesa ina thamani gani ukiilinganisha na kusoma ukurasa mmoja. Optimaiza inakadiria gharama ya kila njia inayofaa, inachukua iliyo nafuu. Na isipojua kitu, inakisia waziwazi: sharti la "sawa na" kwenye safu isiyo na indeksi lilikadiriwa kupitisha moja ya kumi ya mistari, na "kubwa kuliko" isiyopimika lilipewa theluthi. Namba hizo hazikutoka mbinguni. Ni makisio ya watu wazima wanaojua kwamba kisio baya ni bora kuliko kutokuwa na kisio.

Fungua mpangilio wa PostgreSQL yenu leo. Utakuta ukurasa unaosomwa kwa mfululizo una gharama 1, ukurasa wa kurukia una 4, na kushughulikia mstari mmoja ni 0.01. Hiyo ni W ya Selinger imevaa nguo mpya. Hata ile theluthi ya "kubwa kuliko" bado imo, ndani ya msimbo wa PostgreSQL yenyewe. Kwa hiyo mkuu wako akisema watu hawa hawakuwaza kasi, mwonyeshe namba hizo.

Tuje kwenye taarifa zenu za mwisho wa mwezi. Sijaiona programu yenu, lakini nimeona nyingi za aina hiyo, na ningeweka dau kwamba imeandikwa hivi: leta orodha ya wanachama, kwa kila mwanachama, uliza miamala yake ya mwezi huu, chapisha, nenda kwa mwanachama anayefuata. Na ningeweka dau la pili kwamba jedwali la miamala halina indeksi kwenye namba ya mwanachama. Watu wengi hudhani ukiifunga safu hiyo kwa jedwali la wanachama kwa ufunguo wa kigeni, PostgreSQL inaiwekea indeksi yenyewe. Haiweki. Indeksi inajitengeneza kwenye ufunguo mkuu na safu zilizotangazwa kuwa za kipekee, upande wa wanachama. Upande wa miamala ni juu yako.

Tupige hesabu. Ukurasa wa PostgreSQL ni KB 8. Mstari wa muamala tuuchukulie ni baiti 100, kwa hiyo ukurasa unabeba mistari kama 80, na miamala milioni 3 inakaa kwenye kurasa 37,500. Bila indeksi, kuipata miamala ya Mama Fulani kunalazimu kupitia kurasa zote 37,500. Anayefuata, tena 37,500. Mara wanachama 8,000: kurasa milioni 300. Tuseme data yote imeshaingia kwenye kumbukumbu ya mashine (RAM) na seva inapitia kurasa 100,000 kwa sekunde. Hizo ni sekunde 3,000, yaani dakika 50. Uliniambia karibu saa nzima.

Weka indeksi ya namba ya mwanachama pamoja na tarehe. Indeksi hupangwa kama mti, na mti wa ukubwa huo unashuka ngazi tatu hivi, halafu unachukua miamala kama kumi ya mwezi, ambayo hata ikitawanyika vibaya namna gani ni kurasa kumi. Jumla 13 badala ya 37,500. Kwa wanachama wote ni kurasa 104,000, ambazo kwa mwendo uleule ni kama sekunde moja. Huo mti si uchawi mpya. Rudolf Bayer na Edward McCreight waliutengeneza wakiwa Boeing, wakauchapisha 1972.

Ama uache kabisa kuuliza maswali 8,000 na uulize moja: nipe wanachama na miamala yao ya mwezi huu, kwa mpangilio wa namba. Optimaiza ikipewa swali zima inaweza kuamua kwamba hapa hakuna haja ya indeksi, ni nafuu kulipitia jedwali la miamala mara moja tu na kulilinganisha na wanachama. Kurasa 37,500 za miamala, kurasa mia mbili tatu za wanachama, basi. Chini ya nusu sekunde kwa mashine yetu ya kufikirika, ukiacha kupanga na kuchapisha. Lakini wewe ulipolikatakata swali vipande 8,000 ukaipa kimoja kimoja, uliinyima kazi. Yenyewe inaona swali dogo la mtu mmoja, haijui kwamba mwenzake anakuja nyuma, na nyuma yake wengine karibu elfu nane. Mmenunua jahazi la Codd, mkampandisha rubani wa Bachman.

Na sasa dawa ya mkuu wako. Ukiweka jina, simu na tawi kwenye kila muamala, mstari unanenepa, tuseme hadi baiti 250. Ukurasa sasa unabeba mistari 32, na jedwali linakuwa kurasa 93,750. Kama programu itaendelea kuzunguka mwanachama kwa mwanachama bila indeksi, ni kurasa milioni 750, saa mbili na dakika tano. Majedwali yamepungua, saa zimeongezeka.

Hilo ni la kasi tu, na normalaizesheni kimsingi haikubuniwa kwa ajili ya kasi. Codd alipoziongeza ngazi ya pili na ya tatu mwanzoni mwa miaka ya 1970, shabaha yake ilikuwa ukweli: jambo moja liandikwe mahali pamoja, ili likibadilika libadilike mara moja. Mimi nililijifunza kwa aibu. Nilimtengenezea mwenye duka moja la jumla la vifaa vya ujenzi mfumo wa ankara, nikaweka jina la msambazaji kwenye kila mstari ili ripoti "ziende haraka". Msambazaji mmoja akabadilisha jina la kampuni yake. Nikaandika amri ya kubadilisha, nikaikosea sharti la tarehe, nusu ya mistari ikabaki na jina la zamani. Mhasibu akanipigia simu kuuliza hili deni la pili ni la nani. Hakukuwa na deni la pili. Kulikuwa na msambazaji mmoja mwenye majina mawili, na mimi nimekaa usiku kucha nalinganisha ankara za karatasi na za kwenye skrini.

Tuache ripoti. Ule mgando wa siku za mishahara unahitaji elimu nyingine, nayo ni kongwe kuliko kompyuta. Mwaka 1909 Agner Krarup Erlang, wa kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha hesabu ya simu zinazoingia bila mpangilio. Kutoka kwake ndiko tulikopata hisabati ya foleni. Mwaka 1961 John Little akathibitisha kanuni ambayo ukiisikia unadhani haihitaji kuthibitishwa: idadi ya waliomo ndani ni kasi ya kuingia mara muda ambao kila mmoja anakaa. Mwaka 1965 Allan Scherr, kwa shahada yake ya udaktari pale MIT, aliuchunguza mfumo wa CTSS ambamo watu wengi walitumia kompyuta moja kwa zamu za haraka. Badala ya kuiga kila kipande cha mashine, aliichukulia kompyuta nzima kama fundi mmoja na watumiaji kama wateja wachache wanaoenda na kurudi. Modeli hiyo rahisi ikakaribiana na vipimo halisi kuliko mtu angetarajia. Hapo ndipo watu wa kompyuta walipoanza kuziamini foleni za Erlang.

Kuna kanuni ya ukoo huo ambayo Peter Denning na Jeffrey Buzen waliiweka vizuri mwaka 1978, na unaweza kuitumia kesho bila programu yoyote ya kupimia. Muda wa kujibu ni N gawa kwa X, toa Z. N ni idadi ya madirisha, X ni miamala inayokamilika kwa sekunde, Z ni muda ambao karani anazungumza na mwanachama kabla ya kubonyeza tena. Mfano: una madirisha 6. Hesabu kwenye jedwali lenyewe miamala ya dirishani ya siku ya mshahara kati ya saa 6 na saa 7 mchana. Tuseme ni 270. Hiyo ni 0.075 kwa sekunde, na 6 gawa kwa 0.075 ni sekunde 80. Simama nyuma ya karani na saa yako, uone anatumia sekunde ngapi na mteja, tuseme 60. Basi mfumo unamweka karani akingoja sekunde 20 kila muamala. Makarani wanakuambia "unaganda", wewe sasa una namba.

Sekunde 20 zinatoka wapi? Nakuuliza swali: je, kuna mstari mahali fulani unaotunza salio la tawi zima, na kila amana inauongezea? Karibu kila SACCOS niliyoiona inao, kwa sababu meneja anapenda kuiona jumla hiyo ikipanda kwenye skrini. Na swali la pili: ile SMS ya "Umeweka shilingi kadhaa" inatumwa kabla ya muamala kufungwa, au baada?

Kama jibu ni ndiyo na kabla, tumeshaupata ugonjwa. Muamala unapougusa mstari wa salio la tawi, unaufunga kufuli, mwingine asiubadilishe, mpaka muamala umalizike. Ukingoja mtambo wa SMS sekunde 2 huku kufuli iko mkononi, basi tawi zima haliwezi kupitisha zaidi ya miamala 30 kwa dakika, hata ukinunua seva ya bei ya nyumba. Siku ya kawaida hamlioni hilo. Siku ya mshahara amana za simu zinamiminika, tuseme 1,350 kwa saa, jumlisha 270 za madirishani, ni 27 kwa dakika. Mstari ule una shughuli asilimia 90 ya muda. Kwa foleni ya wateja wanaokuja ovyoovyo, muda wa kukaa ni takriban muda wa huduma gawa kwa sehemu iliyobaki wazi: sekunde 2 gawa kwa 0.1, sekunde 20. Ndizo zilezile. (Namba nimezichagua zikutane, wewe pima zako.) Amana zikipanda kidogo tu, zikafika 28.5 kwa dakika, unagawa kwa 0.05, na karani anangoja sekunde 40. Ongezeko la muamala mmoja na nusu kwa dakika limezidisha kusubiri mara mbili. Ndiyo maana watu husema mfumo "umeganda ghafla" wakati hakuna kilichovunjika.

Ona sasa kwamba mstari huo wa jumla ni urudufu wa data, ni jumla ya salio za wanachama iliyoandikwa mahali pa pili. Dawa anayokuandikia mkuu wako mnainywa tayari, na ndiyo inayowaumiza.

Hata hili lina historia. Tarehe 1 Aprili 1985, Jim Gray na kundi la wenzake walichapisha kipimo cha kulinganisha mifumo ya miamala, wakajiita Anon na wenzake, yaani watu wasiotajwa majina. Muamala wao ulikuwa wa benki: badilisha akaunti, badilisha salio la karani, badilisha salio la tawi, andika kumbukumbu. Katika muamala kama huo mstari wa tawi ndio rahisi kuwa mahali pa moto, yaani pa kugombaniwa na wengi, kwa hiyo ni wa kushikwa kwa muda mfupi kabisa.

Gray alikuwa amekutana na jambo hilo tangu System R, kwa sura ya ajabu kidogo. Timu iliona kwamba mara moja moja mfumo unapunguza mwendo na haurudi tena, hata kazi zikipungua. Ikagundulika hivi: mchakato mmoja umeshika kufuli inayotumiwa na wote, mara zamu yake ya prosesa inaisha, unawekwa pembeni ukiwa na ufunguo mfukoni. Wengine wote wanafika mlangoni, wanapanga foleni. Mwenye ufunguo akirudi na kuachia, kufuli inapewa wa kwanza kwenye foleni, naye aliyeachia, akiihitaji tena baada ya hatua chache, anaenda mkiani. Foleni haiishi kamwe, inazunguka tu. Waliuita msafara. Umewahi kukaa nyuma ya malori yanayopanda Kitonga? Lori la mbele likishachomoka, ninyi wengine bado mnaendelea kukokotana kilomita kadhaa. Dawa yao ilikuwa anayeachia kufuli asimkabidhi mtu: awaamshe wote, aiache wazi, atakayewahi awahi. Msafara ukayeyuka.

Kwenu dawa ni nyepesi zaidi. Ndani ya muamala, badala ya kutuma SMS, andika mstari kwenye jedwali la ujumbe unaosubiri. Funga muamala. Programu nyingine ndogo ilisome jedwali hilo na kutuma. Na mstari wa salio la tawi uguswe mwisho kabisa, hatua moja kabla ya kufunga. Kufuli ikishikwa kwa sekunde 0.02 badala ya 2, zile amana 27 kwa dakika zinautumia mstari chini ya asilimia 1 ya muda wake. Meneja abaki na jumla yake. Sina ugomvi na jumla, nina ugomvi na kuikumbatia.

Sasa haki ya mkuu wako. Kuna urudufu ambao si urudufu. Mwanachama wa tawi la Kilosa akihamia Ifakara, amana aliyoweka Machi ilipokelewa Kilosa na itabaki kuwa ya Kilosa milele. Kwa hiyo tawi kweli linastahili kukaa kwenye muamala, siyo kwa ajili ya kasi, ni kwa sababu ni jambo linaloufafanua muamala wenyewe, tofauti na tawi la mwanachama la leo. Peter Chen alipoleta michoro yake ya visanduku na almasi mwaka 1976, faida yake kubwa kwangu ilikuwa hiyo: inakulazimisha uulize hili jambo ni la nani. Simu na jina ni vya mwanachama, viache huko. Vilevile mwezi ukishafungwa na wakaguzi, unaweza kutunza salio la kufungia la kila mwanachama kwenye jedwali lake. Mwezi uliofungwa haubadiliki, kwa hiyo nakala yake haina wa kuisaliti.

Anza hivi. Washa kiendelezi cha pg_stat_statements, kinachohesabu kila swali limeitwa mara ngapi, endesha taarifa za mwezi, uone kama kuna swali moja limeitwa mara 8,000, hilo ndilo. Liendeshe peke yake kwa EXPLAIN ANALYZE, amri inayoonyesha njia iliyochaguliwa na optimaiza, uone kama linapitia jedwali zima. Siku ya mshahara, wakati makarani wanalalamika, angalia pg_stat_activity, orodha ya walio kazini kwenye kanzidata wakati huo, ni wangapi wanasubiri kufuli, na wa mbele yao ameshika nini. Nitumie matokeo. Ila ukikuta optimaiza imekadiria mstari 1 na uhalisia ni mistari 90,000, endesha kwanza amri ya ANALYZE peke yake, inayokusanya takwimu upya, kwenye jedwali zima ndipo uniandikie. Huenda ni takwimu zimezeeka tu.